Jinsi Nilivyopanga Ng'ombe za Babu Ndani ya Ordinateri

Nyumbani kwetu ordinateri, yaani kompyuta, inavaa kuliko mimi. Mama aliishonea vitambaa vya kufuma: kimoja cha ekra, kioo chake, kimoja cha klavie, kibao cha herufi, na souris, panya wa mkononi, naye ana kakofia kake kenye maua. Wakati huo mimi nilikuwa naenda shule na soksi ambazo vidole vilikuwa vimeanza kutoka nje kutafuta maisha yao. Lakini vumbi la Goma linatoka kwenye mawe meusi, halina huruma, na Mama anasema soksi inafuliwa, ordinateri haifuliwi.

Papa aliinunua kwa ofisi moja iliyokuwa inafunga. Ni ile ya zamani, kubwa, yenye kunguruma ukiiwasha kama mutu anayeamshwa kanisani. Ndani yake kila mutu wa familia alitupa vitu vyake: picha za ubatizo, biletini za maksi za shule, makaratasi ya shamba, nyimbo za kwaya, mahubiri ambayo Papa alisema atasikiliza siku moja. Vyote vilikaa mbele, kwenye Bureau, uso wa kwanza wa ekra, bila mpango. Picha ya nyuma ilikuwa ya harusi ya wazazi wangu, lakini Papa alikuwa amefunikwa na vidosie, yale mafolda, mpaka shingoni, na Mama alibaki jicho moja. Ukitaka kitu, hukukitafuta. Ulimwita mutu.

"Muzee! Iko wapi ile picha ya siku ile ya mvua?"

"Mvua gani, Mama?"

"Ile ambayo shangazi yako alikuwa na kiatu kimoja."

Na mimi, Muzee mwenyewe, nilikuwa naijua. Tatizo ni kwamba nilianza kujiona injinia.

Kosa si langu peke yangu, shule ina sehemu yake. Mwalimu wetu wa informatique hakuwa na mashine hata moja, kwa hiyo alituchorea klavie ubaoni kwa chaki, na tukaitwa mmoja mmoja kwenda kubonyeza ubao. Mimi nilikuwa bingwa. Ubao haukatai, haugomi, hauulizi kama una hakika: unabonyeza, unarudi kukaa, unapigiwa makofi. Mwalimu huyo ndiye aliyetuambia kwamba mutu mwenye akili anapanga kila kitu chini ya jina kamili la mwenyewe, lile la kwenye kitambulisho, kisha kwa alfabeti. "Jina la mtaani," alisema, "ni la mtaani."

Nilirudi nyumbani na neno hilo kama nabii anayeshuka mlimani. Wakati wa likizo ya Pasaka nilivua ordinateri vitambaa vyake, nikakaa, nikaanza kumpa kila mutu wa ukoo dosie yenye jina lake halali.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwetu hakuna mutu mwenye jina halali. Yaani yapo, lakini yamelala ndani ya masanduku. Shangazi tunayemwita Mama Kalengera (kwetu mke wa baba mdogo naye ni shangazi), kwa sababu anakaa Kalengera, ana majina matatu kwenye kadi yake, na hakuna anayeyajua. Nilimuuliza mume wake. Alifikiri sana, akakuna kidevu, akasema, "Ngoja nimuulize." Kisha, sisi si kama watu wa kwenye vitabu ambao baba, mama na watoto wanashiriki jina moja. Kwetu kila mutoto anapewa la kwake. Nyumba nzima, hakuna majina mawili yanayofanana. Ukituandika kwenye karatasi hatuonekani familia, tunaonekana wanafunzi walioitwa ofisini.

Isipokuwa mimi na babu. Mimi nilipewa jina la babu, yule wa Kibati, baba ya Papa.

Na hapa lazima nieleze desturi moja, la sivyo yote yaliyofuata yataonekana ni ujinga wangu tu, na mimi napenda ujinga wangu uwe na wasaidizi. Kwa watu wa kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mukwe wake. Hata kidogo. Sio kwamba amekatazwa na mutu mwenye fimbo. Ni heshima tu, imeingia mwilini kama kupepesa macho. Mama amezaliwa kwenye milima ya Masisi, na huko walimfundisha vizuri: hata neno la kawaida likifanana na jina la mukwe analizunguka kama mutu anayezunguka shimo. Siku hizi wengine wanaacha. Mama haachi. Kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita jina langu. Ananiita Muzee. Mpaka nilipofika darasa la tano la msingi nilikuwa naamini ni kwa sababu ya hekima yangu.

Sasa, injinia mwenyewe aliunda dosie mbili zenye jina hilohilo, akaweka namba. Mimi nikawa namba moja. Babu, ambaye amelibeba jina hilo tangu kabla barabara ya kaskazini haijaona lami, akawa namba mbili. Sikuona shida. Mimi ndiye niliyekuwa na souris mkononi.

Ndani ya dosie ya babu kulikuwa na kitu kimoja cha maana. Babu alikuwa mfugaji Masisi kabla ya kushuka Kibati. Ng'ombe hawapo tena, na nyumbani habari hiyo haisemwi ndefu kuliko hivyo. Lakini majina yao yapo, na sifa zao, kila mmoja na za kwake. Zamani alikuwa anazisema jioni bila kupumua, kwa Kinyarwanda kile kizito ambacho mimi nakishika kwa nusu. Kisha akaanza kusahau. Mwanzo alisahau kofia, halafu siku, halafu nikamwona siku moja amesimama katikati ya ng'ombe mmoja, yaani katikati ya sifa zake, kama mutu aliyeingia chumbani na hajui amefuata nini.

Siku hiyo aliniita. "Kamata hiyo simu yako," akasema. "Nitazisema zote, sasa, zikiwa bado nyumbani. Dada yako akiolewa, watu wa bwana wakileta ng'ombe, mimi ndiye nitaipokea. Kinywa kikigoma, utatia sauti yangu pale. Sitaki ile redio."

Redio ilikuwa jina lake kwa muzee mmoja wa mjini anayekodiwa kwenye dot za watu, sherehe za mahari. Anakuja na kofia ya manyoya na mikro yake mwenyewe ya kusemea, na anasifu ng'ombe ambaye hajawahi kumwona kwa maneno yaleyale aliyotumia Jumamosi iliyopita kwa ng'ombe mwingine. Babu hakuwa anamchukia. Alisema tu kwamba mjukuu wake wa kwanza hawezi kutolewa kwa maneno ya kuazima, na babu yake amekaa pale kimya kama kiti.

Nikarekodi. Alisema zote, mwanzo mpaka mwisho, wakati mwingine amefunga macho. Nikapeleka sauti ndani ya ordinateri, na injinia akafikiri: hii ni ndefu sana, nani ataweza kupata ng'ombe mmoja humu ndani? Nikaikata vipande, kila ng'ombe kipande chake, kila kipande jina lake. Ile ndefu nikaitupa kwenye Corbeille, kikapu cha takataka cha mashine, na Corbeille nikaimwaga, kwa sababu mimi ni mutu msafi. Vipande vikajipanga vyenyewe kwa alfabeti, vimenyooka kama wanafunzi asubuhi. Nilivitazama na machozi karibu yanitoke.

Katika dosie yangu mimi, namba moja, niliweka kazi zangu za sanaa. Mojawapo ilikuwa sauti ambayo nilijirekodi naigiza babu: kikohozi chake, kupumua kwake, vyote, ila badala ya ng'ombe nilisifu shangazi zangu. Niliipa jina la heshima, "Ng'ombe zote za babu", ili mutu akipita asifungue.

Basi, dot ya dada ikafika.

Ijumaa Papa aliniambia nitie sauti ya babu kwenye kle, yaani flashi, kwa ajili ya mutu wa sono, yule wa vyombo vya muziki. Umeme ulikuwa hakuna. Ulivyorudi nilikuwa nimelala. Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha kitu, nikapandishwa gari ya mjomba: twende Kibati tumlete babu, turudi haraka. Nikasema moyoni, kutakuwa na saa nyingi. Huo ndio moyo wangu, unaujua sasa.

Babu tulimkuta tayari amevaa koti, kofia, fimbo katikati ya magoti, amekaa mlangoni. Kurudi, kidogo tu baada ya kuacha Kibati, kamio ya makala, lori zima la makaa, ilikuwa imelala katikati ya barabara. Magunia yamemwagika, watoto wanaokota, shofa, dereva wake, anabishana na watoto. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilipita, motari na pikipiki zao walipita, mbuzi alipita. Sisi hatukupita.

Simu ikalia. Mama.

"Muzee! Muko wapi? Mutu wa sono amesha kufika, anadai ile sauti ya Papa."

Mama akisema Papa kwa sauti ile ya chini, ni babu.

"Mama, tuko barabarani, kamio imefunga njia. Papa yangu yuko hapo? Umupatie yeye."

"Alienda na wanaume wote kuazima viti ku parokia, na simu yake ni hii niko nasemea."

"Na dada?"

"Iko ku salon, wanamufunga kichwa. Sema, mi mwenyewe nitafanya. Nimesha kuiwasha. Iko na picha yetu ya harusi. Ekie! Kumbe nilikuwa mwembamba hivi?"

"Mama, chini pale, kwa pembe, kuna nafasi nyeupe ya kutafutia. Bonyeza pale."

"Nimebonyeza. Kuna kamustari kanapepesa."

"Sawasawa. Sasa andika jina ya babu."

Nilisikia masufuria tu nyuma yake.

"Mama?"

"Niko."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Jina ya babu, Mama. Lote. Utaona inatokea."

"Muzee," Mama akasema polepole, "uko na akili yako yote leo?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Katika mipango yangu yote, mafaili yote, alfabeti yote, sikufikiria hata siku moja kwamba mutu ambaye anatafuta vitu vya ordinateri kuliko wote ndani ya nyumba hawezi kufungua mlango niliojenga. Nilikuwa nimefunga vitu vya nyumba nzima kwa kufuli ambalo Mama haruhusiwi kuligusa.

"Mama, si uandike tu. Kuandika si kutamka."

"Kuandika ni kutamka kwa vidole."

"Hakuna mutu atasikia!"

"Na mimi? Mimi si mutu?" Nyuma yake nilisikia wanawake wanacheka. "Na hii ekra kubwa hivi, jina ya mukwe yangu isimame pale mbele yangu, na mi niko na nywele wazi?"

"Umupe shangazi moja aandike."

Kicheko kikaongezeka. Nikakumbuka nani yuko nyumbani. Wale wote waliokuja kupika, waliokuwa wanasafisha sambaza, visamaki vya ziwa, na kuchambua sombe, majani ya muhogo, ni wake wa baba zangu wadogo na wakubwa. Wote ni wakaza-wana wa babu mmoja. Nyumba nzima imejaa, mikono mingi hivyo, na hakuna kidole kimoja cha kubonyeza herufi. Kulikuwa na mdogo wangu, lakini yeye anasoma bado picha tu.

Rezo, mtandao wa simu, ilikuwa mbaya, nikatoka dirishani nusu ya mwili, nikapiga kelele: "Basi nitakutajia herufi moja moja! Si jina, Mama, ni herufi tu!" Na nikaanza. Watoto waliokuwa wanaokota makala wakasimama kusikiliza. Herufi ya tatu, fimbo ikanigusa mbavu.

"Juu ya nini unaniita," babu akauliza, "na niko hapa?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa makini, macho kwenye kamio. Nilifikiri atakasirika kwa sababu ya sauti yake kupotea. Hapana. Aliomba simu.

"Mutoto yangu," akamwambia Mama. "Andika tu. Mi nimekubali. Sina neno."

"Aksanti, Papa," Mama akajibu, na sauti yake ikawa ndogo kabisa. Shangazi waliniambia baadaye kwamba alikuwa amepiga magoti mbele ya simu. "Aksanti sana, Papa. Lakini hapana, Papa."

Babu akanirudishia simu. "Umeona?" akasema, na nikaona amefurahi kuliko kama angeandikwa. Kisha furaha ikapungua. Alitazama mikono yake. "Sasa watamuweka ile redio," akasema. "Iko pale?"

Alikuwa anakuja. Papa alikuwa ameniambia tangu Ijumaa kwamba amemwita kwa tahadhari, akae mstari wa pili na kofia yake ya manyoya. Nilisema sijui.

"Asubuhi hii nilijaribu kuzisema," babu akasema. "Nilifika ya nne. Ya nne ikanitazama tu."

Nikarudisha simu sikioni.

Ni Mama aliyepata njia. Mutu wa sono alikuwa kijana wa Butembo, hana undugu wowote na sisi, babu si mukwe wake wala nini. Wakamwita aache nyaya zake. Mama akaweka simu mezani ili nimwongoze, wanawake wakatoka wote nje, na mlango ukafungwa, kama vile daktari ameingia.

Nikamnong'onezea jina. "Kaka, nitamke jina?" kijana akaniuliza.

"Andika! Usitamke! Wako mlangoni!"

Akaandika. "Sawa. Imetoka. Ziko mbili. Moja na mbili."

"Fungua ya mbi—"

Rezo ikakatika.

Yaliyotokea baada ya hapo niliyapata kwa mashahidi, na kila shahidi alitaka kunipiga kidogo akimaliza. Kijana alifanya ambacho mutu yeyote angefanya. Alianza na namba moja. Akaona sauti moja, ndefu, imeandikwa "Ng'ombe zote za babu". Akaona imekamilika, akaitia kwenye kle, akaenda kwenye mashine zake, na kwa sababu anafanya kazi vizuri, akaijaribu. Kwa boksi zote nne, spika kubwa za uani.

Simu ilivyorudi, Mama hakuuliza tuko wapi.

"Muzee. Mama Kalengera anauliza swali."

"Swali gani, Mama?"

"Anauliza: yule ng'ombe anayekula shamba zima na maziwa yake ni ya kikombe kimoja, ni nani?"

Kwetu kumfananisha mwanamke na ng'ombe si tusi. Ni sifa. Bibi-harusi anaambiwa ana macho ya ndama na anacheka kwa furaha. Kilichomuuma Mama Kalengera ni kikombe. Shangazi mwingine nilimpa ndoo.

"Mwambie kikombe kile ni kikubwa," nilisema.

"Utamwambia mwenyewe. Yuko na mwiko."

Nikaomba wamwite kijana tena, nikamwambia namba mbili, namba mbili, vipande vyote, vichukue kama vilivyo. Akavichukua. Kamio ikavutwa pembeni, tukaingia Goma tukiwa na vumbi mpaka kwenye meno, na wageni ndio walikuwa wanashuka kwenye magari.

Ua wetu ulikuwa umebadilika. Turubai, viti vya parokia, wanawake na mishanana yao, vile vitambaa vya kufunga begani, dada amefichwa ndani anachungulia kwa pazia. Ng'ombe wetu mpya, wa mahari, amefungwa kwenye jiwe jeusi pembeni, anatafuta majani pasipo na majani. Watu wa bwana ni wa Rutshuru, wazee wao wamekaa mbele na fimbo zao, na mmoja, mwembamba, masikio makubwa, alionekana ni yule ambaye anasikia kila kitu. Papa alisimama, akasema kwamba ng'ombe atapokewa na babu ya binti, kwa sauti yake mwenyewe. Babu akanyoosha mgongo. Redio akaweka mikro yake magotini, pole, kama mchezaji wa akiba.

Mutu wa sono akabonyeza.

Sauti ikatoka, nzuri, safi, ya babu wa mwaka jana. Naiandika hapa kwa Kiswahili chenye kuchechemea: "Bihogo, mutoto wa mwisho wa ukoo wa Gaju, wewe ndiye jioni ya kundi yangu, nyuma yako nilifunga mlango wa zizi."

Wageni wakatazamana. Mimi pia nilijitazama, kwa ndani. Bihogo ni wa mwisho. Babu anaanza na Gaju, ambaye alipewa na baba yake alipooa, kisha binti ya Gaju, kisha binti ya huyo, mama mbele, mutoto nyuma, mpaka mlango wa zizi unafungwa. Mimi nilikuwa nimempanga Bihogo mbele kwa sababu B ni ya pili katika alfabeti na hakukuwa na ng'ombe wa A.

Cha pili kikaanza, ng'ombe ambaye mama yake hajazaliwa bado. Makofi yalitoka hapa na pale, ya adabu, yale ya kumpigia mutoto wa mutu aliyeanguka jukwaani. Yule muzee wa masikio akainama kwa jirani yake, lakini alikuwa kiziwi kidogo kumbe, kwa sababu alinong'ona kwa nguvu: "Hawa wanaingiza ng'ombe kwa mkia."

Redio akashika mikro yake. Papa akamtazama. Nikaona kichwa cha Papa kinaanza kukubali.

"Zimisha," babu akasema.

Hakusema kwa nguvu. Alikuwa amesimama. Mutu wa sono akazima.

"Ile sauti ni yangu," babu akawaambia wageni, "lakini imelewa. Bihogo anaingia mbele ya Gaju? Gaju alikuwa wapi, ku soko?" Watu wakacheka, na yeye akapiga fimbo chini mara moja, na kicheko kikakatika. "Gaju anaingia kwanza. Gaju, uliyenikuta na fimbo moja na nyumba bila paa. Nyuma yake binti yake, yule wa pembe za kukumbatia. Sikilizeni."

Na akaenda. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa ni kama hasira ilimshika mkono. Kila ng'ombe aliyemweka mahali pake alimvuta aliyefuata, na ukiona anataka kusimama, aligeuka upande wa boksi, akazitazama vibaya, akaendelea. Wa nne hakumtazama tu. Wa nne aliingia akitembea. Wanawake wakaanza kuitikia. Muzee wa masikio alikuwa ameacha kuinama, anasikiliza amefungua mdomo.

Kisha, karibu na mwisho, alisimama. Mkono wake ulibaki juu. Nilimwona anaingia kwenye kile chumba ambacho mutu hajui amefuata nini.

Akanigeukia. "Muzee," akaniita mbele ya wote, "huyu alizaa nani?"

Mimi ndiye niliyesikiliza sauti ile nikikata kipande kwa kipande, siku nzima. Nikasimama. Nikafungua mdomo, na akili yangu ikanipa, kwa usahihi mkubwa, ng'ombe wa herufi inayofuata.

Nilitaja ng'ombe ambaye alikuwa amekufa vizazi vitatu nyuma.

Ua wote ulicheka. Ng'ombe aliyefungwa aliinua kichwa. Mama Kalengera, na mwiko wake, alicheka mpaka akashika ukuta, na najua alikuwa analipiza kikombe. Babu naye akacheka, na alivyomaliza akashusha mkono.

"Basi, huyo amepotea," akasema. "Ng'ombe moja ikipotea, kundi haisimame mu njia. Tuendelee." Akaruka pengo, akamshika aliyefuata, akamfuata mpaka Bihogo, na mlango wa zizi akaufunga kwa fimbo, pa. Muzee wa masikio akasimama kujibu, akasema kwamba sasa wanajua wanamchukua binti wa kundi gani. Dada alitoka nyuma ya pazia kabla hajaitwa, wakamrudisha ndani. Redio alikula sambaza, akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kulipwa kukaa.

Jumapili babu hakurudi Kibati. Baada ya misa aliniambia nivue ordinateri vitambaa, tupange upya. Jambo la kwanza nilifuta majina ya kitambulisho. Sasa kuna dosie ya Mama Kalengera, kuna ya Papa, kuna ya Mvua na Kiatu. Ya kwangu inaitwa Muzee. Ya babu inaitwa Kibati, na Mama aliifungua mwenyewe, akaifunga, akaifungua tena, akaenda kupika bila kusema kitu.

Kisha ng'ombe. Babu alivuta kiti.

"Hii kitu inajua kupanga namna gani?"

Nikamwonyesha. "Kwa jina. Kwa tarehe. Kwa ukubwa. Kwa aina."

"Na kwa mama?"

Nilitafuta. Niliingia mpaka mahali pa mashine ambapo sijawahi kuingia, kwa sababu nilikuwa na aibu ya kumwambia hapana. Kwa mama haikuwemo.

"Basi nitakuambia, weye utatia namba," akasema.

Tukafanya hivyo. Gaju ni sifuri moja. Kila baada ya mmoja aliniuliza kama nimeandika, na alitaka kuona namba kwa macho yake, kwa sababu sifa yangu ilikuwa imeharibika. Tulipofika kwenye pengo tulisikiliza vipande vyote, kimoja kimoja, kumtafuta. Hakuwemo. Labda babu hakumsema siku ile. Labda injinia alimkata vibaya, akaenda na Corbeille. Siwezi kujua, na babu hakuniuliza.

"Mupatie namba yake hata hivyo," akasema.

Nikaunda dosie, nikaipa namba, haina jina, haina kitu ndani. Iko pale katikati ya wengine. Babu akipiga simu kutoka Kibati anaanza na hali ya hewa, anaenda kwa masomo yangu, ambayo hayachukui muda mrefu, halafu anauliza kama nimefuta ile dosie tupu. Ninasema hapana, babu. Anasema vizuri, na kwamba asubuhi ng'ombe yule aliyepotea alikuwa karibu, alimwona rangi.

"Rangi gani?" ninamuuliza, nikiwa tayari na klavie.

"Usiandike bado," anasema.